Deni la Mnembwa

Siku tuliyomzika mama kule Sikonge
ndugu zangu waligawana cherehani, baiskeli, mabati kumi na mawili.
Mimi niliinama nyuma ya choo nikaokota kokwa tatu,
nikazifunga kwenye pindo la kanga.
Ule ndio mnembwa wa mwisho uliokuwa umebaki,
mingine yote ilishaingia kwenye mabani
kukausha tumbaku ya watu.

Nyumbani Kiloleni nikazipanda kwenye kopo la maziwa.
Moja ikaoza.
Moja ikafukuliwa na kuku wa Mama Kalunde.
Moja ikatoa kijiti chenye mwiba kabla ya jani,
kama mtoto aliyejua kutukana kabla ya kuamkia.

Mama Kalunde akachungulia juu ya ukuta:
"Jirani, mji huu maembe hadi mbuzi wanasusa,
wewe unabembeleza kichaka?"
Ngoja, nikamwambia.
Akangoja. Kijiti kikanyauka.

Nilikipa maji kikawa njano.
Nilikipa samadi kikawa njano zaidi.
Ndipo nikamkumbuka mjomba Mlekwa,
aliyekuwa akifika kwetu ugali ukiwa ndiyo unageuzwa,
na mama, akimtengea kiti, akinong'ona:
"Huyu naye ni mnembwa,
mizizi yake imo kwenye chungu cha mwenzake."

Miaka yote nilidhani ni kejeli.
Kumbe mama alikuwa akifundisha kilimo.

Jioni moja nikakihamisha hadi chini ya ukuta,
mahali ambapo upande wa pili, hatua mbili tu,
umesimama mpera wa Mama Kalunde.
Sikumwambia.
Mvua zikaja. Kijiti kikawa kijani bila haya.

Mwaka wa nne ukazaa.
Nembwa nyekundu, zenye vidoadoa vyeupe,
zimejificha nyuma ya miiba kama siri za mabinti.
Uchachu wake hufumba jicho la kushoto peke yake,
sijui kwa nini la kushoto.
Nyama yake nilitia kwenye uji, nyingine nikapika na sukari nikafunga chupani.
Kokwa nikaanika kwenye ungo, nikatwanga, nikachemsha
mpaka mafuta yakapanda juu, mazito, yana harufu ya nyumba ya mama.
Visigino vyangu vilivyopasuka kama shamba la Septemba
vikafunga midomo.
Mihambo, fundi viatu wa pale stesheni, alichukua chupa moja ya kulainisha ngozi,
akarudi kutaka ya pili, ya magoti ya mkewe.

Mwaka huohuo mapera ya jirani
yalitoka madogo kama gololi.
Nilimsikia akilaumu udongo, akilaumu maji ya bomba,
akimlaumu hata marehemu mumewe aliyeupanda.
Nami huku nimekaa, mafuta mkononi,
siwezi kujipaka.

Nikajaza beseni. Nikazunguka kwa mlangoni.
"Mama Kalunde, mti wangu unakula kwako."
Akautazama mpera. Akautazama ukuta. Akanitazama.
"Tangu lini?"
"Tangu ulipoacha kunicheka."

Alichagua moja, akaifuta kwa upande wa kanga, akang'ata.
Jicho la kushoto likafumba.
Nikasubiri matusi, nilikuwa nimeshayaandalia pa kuyaweka.
"Basi haya ni mapera yangu," akasema,
"yamepitia mlango mwingine tu."
Akalivuta beseni upande wake.

Siku hizi msimu ukifika habishi hodi.
Anaingia na bakuli, anahesabu nembwa kwa sauti kubwa,
ananiachia zilizotobolewa na ndege.
Jioni, mvua ikitupiga mabatini,
ananyoosha miguu juu ya kigoda changu, nampaka visigino,
na tone likianguka sakafuni anashtuka:
"We! Polepole.
Hilo ni pera langu unalimwaga."